Fahali wa Shukrani

Watu walikuwa wamekwisha kuamua kwamba Nasambu amepona, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Waliamua kanisani, wakaamua sokoni, wakaamua kwenye kikundi cha simu kilichoitwa "Moyo wa Mama Joan", chenye watu mia mbili na kumi na mmoja, ambamo kila asubuhi mtu alituma picha ya waridi lenye mstari wa Zaburi. Walikuwa wamechanga, mchango ukatosha, mgonjwa akapelekwa Uhindi, akatolewa moyo wake uliochoka na kuwekewa wa mtu mwingine, akarudi anatembea kwa miguu yake. Sasa kilichobaki ni nini kama si kula nyama?

Nasambu alikuwa fundi wa nguo mjini Kitale, mwanamke wa miaka thelathini na tisa mwenye ulimi ambao mumewe, Wanyonyi, alisema ungefaa kukatia vitambaa. Moyo wake wa kwanza ulianza kulegea alipomzaa Joan, ukaendelea kuvimba mwaka hadi mwaka, mpaka ikawa hawezi kupanda ngazi tatu bila kukaa. Huu wa pili aliambiwa tu kwamba ulikuwa wa kijana wa kiume. Ulikuwa na mwaka mmoja na nusu kifuani mwake na ulifanya kazi vizuri, ila kwa jambo moja. Daktari alimweleza kwamba moyo uliopandikizwa hauungwi mishipa ya fahamu. Habari huupata kwa kuchelewa, kupitia kwenye damu. Kwa hiyo Nasambu alipokasirika, kichwa kilikasirika kwanza na moyo ukafuata dakika kadhaa baadaye. Aliweza kumsema mtu akammaliza, mapigo yametulia kama ya mtu aliyelala, kisha anaosha vyombo vyake ndipo moyo unaanza mbio, ugomvi umekwisha zamani.

Na sababu za kukasirika hazikumwisha. Akibishana na mwenye nyumba kuhusu kodi: "Mama Joan, usikasirike, kumbuka moyo." Mteja akikataa kulipa sare aliyoshonewa: "Pole pole, Mama Joan, moyo!" Kila aliyemkosea aligeuka daktari papo hapo. Akinunua robo ya nyama, kuna jicho linachungulia kikapu, maana mtu aliyechangiwa kikapu chake ni cha umma. Tena alikuwa amekatazwa kushikana mikono na watu. Dawa alizokunywa ziliulegeza ulinzi wa mwili, na kidudu kidogo cha mafua kingeweza kumlaza hospitali mwezi mzima. Basi alivaa barakoa, akafunga viganja vyake na kuinamisha kichwa kwa heshima. Watu wakasema, ati tumemnunulia moyo, na hata mkono hatupi.

Dawa hizo ndizo zilizokuwa zikimnyima usingizi. Zilikuwa tembe za kuuzuia mwili usiukatae moyo, saa tatu asubuhi na saa tatu usiku, kila siku ya Mungu. Walikuwa wameuza ploti yao ya Kitale ili wapate nauli na malazi ya Uhindi, wakauza pikipiki ya Wanyonyi ili wapate dawa za mwaka wa kwanza. Bima nayo ililipa mpaka Machi, ikasema imefika mwisho. Tembe za mwezi mmoja zilikuwa shilingi elfu thelathini na moja. Wanyonyi alikuwa fundi wa mawe, na mwezi wenye kazi nyingi alileta elfu kumi na nane.

Jumatatu moja Nasambu alikwenda duka la dawa la Bhavika, mwanamke Mhindi aliyezaliwa Kitale hiyo hiyo na aliyemwagizia tembe hizo kutoka Nairobi. Bhavika alihesabu zilizobaki kwenye kikopo, akahesabu tena.

"Siku tisa," alisema. "Nikiagiza leo zinafika Ijumaa. Lakini wao wanataka pesa kwanza, Mama Joan. Mwezi uliopita nilikubeba, mzee wangu akaniuliza, hii ni duka ama ni kanisa?"

"Na nikimeza nusu nusu? Ziende siku kumi na nane?"

Bhavika aliweka kikopo chini kwa nguvu. "Usijaribu! Mwili haijui shukrani, Mama Joan. Haijui ulichangiwa, haijui uliombewa. Ukipunguza dawa inaanza kufukuza huo moyo kama mwizi, na wewe unakufa."

Kulikuwa na pesa. Hilo ndilo lililomkera Nasambu hata akawa anaongea peke yake juu ya cherehani. Ahadi nyingi za mchango zilichelewa kuingia, zikaingia akiwa amekwisha kupasuliwa, na kamati iliyoko Bungoma ikabaki na laki tatu na kitu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa baba mkwe wake, Mwalimu Wepukhulu, mwalimu mkuu mstaafu wa upande wa Kibabii, mtu aliyetembea makanisa kumi na moja akimwombea mkwewe. Kamati ilikaa, ikaomba, ikapiga kura, ikaamua pesa iliyobaki ifanyiwe shukrani: hema, viti mia tatu, vipaza sauti, fulana za manjano, na fahali.

Mara ya kwanza Nasambu alimtuma Wanyonyi akaombe pesa ya dawa. Wanyonyi alikwenda, akala, akarudi amebeba ndizi. "Baba amesema tuongee baada ya shukrani." Mara ya pili alimpigia shemeji yake simu, apeleke neno lile lile. Mara ya tatu alimtuma Wanyonyi tena, naye akarudi na maharagwe.

"Ulimwambia zikiisha nakufa?"

Wanyonyi alikuna shingo. "Nilimwambia hali si nzuri sana."

"Hali si nzuri sana! Mvua ikikosekana ndiyo hali si nzuri sana, Wanyonyi. Mimi nakufa!"

"Usikasirike, mama. Moyo."

Alhamisi, siku mbili kabla ya shukrani, Nasambu alifunga duka, akavaa barakoa, akaenda Bungoma mwenyewe.

Alikuta boma limefagiliwa na vyuma vya hema vimeshushwa getini. Nyuma ya jikoni alifungwa fahali mwekundu, mnene, mwenye shingo kama gunia la mahindi, aliyenunuliwa Cheptais kwa elfu tisini na tano. Hiram, mwenye bucha pale njia panda, alikuwa anamzunguka akimpapasa mbavu, kwa kuwa ndiye aliyekodiwa kumchinja. Fahali alikuwa anatafuna majani kwa raha. Nasambu alimtazama, akapiga hesabu, akaona miezi mitatu ya uhai wake imesimama pale inapunga mkia.

Sebuleni kamati ilikuwa inakutana. Nasambu hakuingia. Kwao mkwe wa kike na baba mkwe hawakabiliani. Hawakai pamoja, hawashikani mikono, na neno likiwa zito hupitia kwa mtu wa tatu. Hiyo si chuki. Ni heshima, na kwa miaka kumi na mitano Nasambu aliishika bila kinyongo. Basi alisimama kwenye ukumbi wa jikoni, Mwalimu amekaa upande wa pili wa pazia, hatua nne tu kati yao, na mama mkwe wake, Mama Edah, akasimama paziani kuchukua maneno huku na kuyapeleka kule.

"Mama, mwambie Baba dawa zimebaki za siku sita. Zikiisha, huu moyo unakataliwa na mimi nakufa."

Mama Edah alikuwa mwanamke mpole aliyeishi miaka hamsini bila kumpa mumewe habari mbaya kavu kavu. Aligeukia sebule. "Mama Joan anasalimia. Anasema angeshukuru kama kamati ingemsaidia kidogo na dawa."

"Mama! Sijasema hivyo!"

"Ngoja, mwanangu, ngoja. Mwanaume haambiwi hivyo mbele ya watu."

Sauti ya Mwalimu ilipita pazia bila kuhitaji mjumbe, ila ilimzungumzia Nasambu kama aliyeko Uganda. "Mwambie yeye, hiyo pesa ni ya shukrani. Mimi nilisimama makanisa kumi na moja nikasema, tusaidieni mara hii moja tu. Saa hii nikirudi niseme ati pesa bado inanunua dawa, watu watasema nini? Si watasema tulinunua moyo ya mtumba?"

Wajumbe wa kamati waliguna kukubali.

"Mama, muulize, kwani alidhani ulitoka dukani? Ulikuwa na mwenyewe! Akafa, ndio nikapewa!"

"Anasema Mungu ni mwema," Mama Edah alipeleka.

"Amina," ilijibu kamati.

Katikati ya kamati aliketi dada yake Mwalimu, ambaye ukoo mzima ulimwita Senge, yaani shangazi. Senge hakuwa na cheo chochote katika kamati, na hakuna kilichopita bila yeye. Desturi zote za boma alizishika kichwani, na hapo alizipanga kama vyombo kabatini. Sasa alinyoosha shingo kuelekea pazia.

"Wewe msichana, sauti imezidi. Mkwe hapigi kelele baba mkwe akiwa amekaa. Ama kule Uhindi walikutoa na adabu pia?"

Kamati ilicheka. Mtu mmoja akaongeza, kwa huruma, kwamba asikasirike, moyo. Wakarudi kwenye ajenda, ambayo ilikuwa kama mgeni rasmi atavishwa shada la maua au blanketi.

Nasambu alisimama pale ukumbini na kifua kimetulia kabisa, maana moyo ulikuwa haujapata habari. Waliwezaje? Watu hao hao walikuwa wamelia kwa ajili yake. Mwalimu aliuza ng'ombe wake wa maziwa kwa ajili yake. Na bado walikuwa wanapanga kumla. Hakukuwa na njia nyingine ya kulisema. Walikuwa wamemnunua ili aishi, na sasa wangekaa chini ya hema Jumamosi, na fulana za manjano, wamle na kachumbari.

Ndipo akamkumbuka jirani mmoja, mwaka ule alipoolewa. Mvua ilinyesha, mke wa mtoto wa jirani huyo akateleza mtoni, na jirani mwenyewe akamvuta kwa mkono kabla ya kufikiri. Senge huyu huyu ndiye aliyekwenda kuamua. Alisema wameshikana, aibu imeingia, na aibu hiyo hailali: ilipwe kabla jua halijatua, kwa ng'ombe aliyeko bomani, na apewe mwanamke. Yule jirani alilipa mtamba akiwa bado ana matope magotini.

Nasambu alivua barakoa, akafungua pazia, akaingia.

Hakuingia kwa haraka. Aliwasalimu wote kwa jina la Bwana, akatembea mpaka mbele ya Mwalimu Wepukhulu, akatabasamu, akanyoosha mkono wa kulia. Mwalimu alikuwa mtu mwangalifu. Lakini kwa miaka miwili alikuwa ameshika mikono kwenye milango ya makanisa, mikono ya mapasta, ya machifu, ya wafanyabiashara wa mjini, na mkono wake ulikuwa umejifunza kazi yake. Ulipoona mwenzake umenyooshwa, haukungoja ruhusa. Ulitoka wenyewe, ukashika, ukatikisa mara mbili.

"Karibu, karibu sana," Mwalimu alisema, kama alivyowaambia wote.

Halafu akaona aliyemshika.

Aliuachia ule mkono kana kwamba umemuunguza. Mama Edah alipiga yowe fupi. Mjumbe mmoja aliangusha kikombe, na chai ikamwagika kwenye orodha ya wageni. Nasambu alirudi nyuma hatua mbili, akapiga magoti kama inavyotakiwa, akatoa kichupa cha dawa ya mikono kwenye mkoba na kuipaka mpaka kwenye viwiko, kwa sababu wazimu wake ulikuwa na kiasi.

"Senge," alisema, "baba mkwe amenishika mkono mbele ya watu tisa. Mimi ni mtoto tu, sijui desturi. Naomba unisaidie."

Senge alimtazama kaka yake, akamtazama mwanamke aliyepiga magoti, na mtu yeyote angeona kwamba anatafuta mlango. Lakini mwenye kushika sheria hushikwa na sheria. Akisema hapa desturi haifai, basi na ile ya pazia haifai, na ya kukemea haifai, na yeye mwenyewe angebaki mwanamke mzee mwenye kelele.

"Ni wewe ulinyoosha," alijaribu.

"Kweli, Senge. Na yule wa mtoni ni yeye aliteleza."

Mjumbe mmoja kijana alicheka, akajifanya anakohoa.

"Tutatoa mbuzi," alisema Mwalimu, akiitazama dari.

"Mbuzi ni ya neno," Senge alimkatiza. Huzuni ilikuwa kwenye uso wake, lakini palikuwa na fahari pia, ile ya mtu anayejua kazi. "Ya mkono ni ng'ombe. Yenye iko bomani. Kabla jua haijaingia."

"Bomani kuna ng'ombe moja! Ni ya shukrani!"

"Basi ni hiyo, Wepukhulu. Ungerudisha mkono yako kwa mfuko."

Zogo lilichukua saa nzima. Mweka hazina alisema fahali ni wa kamati, si wa Mwalimu. Senge akamuuliza amefungwa kwa boma la nani, na anakula majani ya nani. Katibu akapendekeza kura. Senge akamuuliza kama aibu hupigiwa kura. Mwishowe Mama Edah, ambaye hakuwa ameulizwa, alitoka nje kimya, akaifungua kamba, na kuja kumkabidhi Nasambu ncha yake mkononi.

Hiram mchinjaji alikuwa amesikia kila kitu kutoka dirishani, akifurahia kama yuko sinema.

"Mama Joan, utaenda nayo Kitale namna gani? Nipe mimi. Sabini."

"Wamenunua tisini na tano juzi!"

"Hiyo ilikuwa Cheptais, bana. Na jua inaingia."

"Hiram, wewe ulichanga mia mbili kwa huu moyo. Nimeona jina lako. Unataka kurudishiwa elfu ishirini na tano?"

Hiram aliangalia chini. "Themanini. Na usiniangalie hivyo. Jumamosi watakuja kununua nyama kwangu kwa kilo, wageni hawawezi kula hema."

Simu ya Nasambu ililia ujumbe wa pesa. Hakuweka simu mfukoni. Alimpigia Bhavika hapo hapo, akamtumia za mwezi mmoja, na Bhavika akasema zitafika Jumatatu, Jumanne ikizidi sana. Fahali alitolewa getini akiendelea kutafuna, akipita kando ya vyuma vya hema. Ndipo moyo ukapata habari. Ulianza kudunda kwa kishindo, umechelewa kama kawaida yake. Nasambu aliingia sebuleni kutafuta pa kukaa. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kile kinachoelekeana na cha Mwalimu, na kwa kuwa aibu ikishalipwa mkwe na baba mkwe huruhusiwa kukabiliana, hakuna aliyeweza kumkataza. Alikaa.

Kamati ilikuwa imetoka nje kubishana kuhusu kilo. Walibaki wao wawili, na Mama Edah mlangoni, mikono yake haina kazi. Mwalimu alikuwa ameinama, magoti yamekaribiana, na kwa mara ya kwanza Nasambu aliuona uso wake kutoka mbele. Ulikuwa uso uliochoka. Kwenye shati lake alikuwa bado amebandika beji ya mwenyekiti.

"Nasambu," alisema, akitafuta mahali pa kuweka macho. "Hiyo themanini itanunua dawa ya miezi ngapi?"

"Miwili na nusu, Baba."

"Alafu utakuwa umemaliza dozi?"

"Hapana. Nitanunua zingine."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku nitakufa. Nikikosa, siku hiyo inakuja haraka. Wiki chache tu."

Mwalimu aliinua kichwa. Alimtazama mkewe pale mlangoni, akamtazama Nasambu.

"Hakuna mtu aliniambia hivyo," alisema. "Ningejua ni hivyo... Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara nne, Baba," Nasambu alisema. "Kupitia watu."